Mwili na Miaka: Jinsi Umri wa Mtu Ulivyosomwa Mwilini

Katika Kiswahili ziko njia mbili za kutaja umri wa mtu. Ya kwanza ni kuhesabu miaka, nayo hujibu swali, "Ana miaka mingapi?" Ya pili ni kutaja hali ya mwili: "Ameota meno," "Ameanza kutambaa," "Amevunja ungo," "Ameota ndevu," "Ana mvi." Tena mara nyingi msemaji hasemi neno, ila huinua mkono wake kuonyesha kimo cha mtoto toka ardhini, akasema, "Yu hivi." Sisi tunaofundisha shule na kuandika vitabu vya kanisa tumeizoea mno njia ya kwanza, hata twaiona ya pili kuwa ni ya kubahatisha tu. Lakini ya pili ndiyo ya kale, na yenyewe haina udanganyifu: husema mtu yu katika daraja gani ya maisha, wala haisemi zaidi ya hayo.

Udanganyifu huingia pale mtu mwenye amri anapoulazimisha mwili ujibu swali la miaka. Katika makala haya twataka kuonyesha jinsi jambo hilo lilivyotukia katika nchi zetu: kwanza katika meno, kisha katika kodi, kisha shuleni, na mwisho katika uzee. Tutaona ya kuwa mwili ni shahidi mwema wa hali, lakini ni shahidi dhaifu wa miaka, isipokuwa amepewa shahidi mwenziwe wa kusimama naye.

Tuanze na maneno yenyewe, maana lugha hutunza fikira za waliotutangulia. Maneno kadha wa kadha ya umri yafanana na ya shambani. Aliyezaliwa juzi ni mtoto mchanga, na neno hilo hilo twalitumia kwa embe lisilokomaa na kwa jani lililochipuka. Akikua husemwa amepevuka, kama nazi iliyopevuka mtini. Baadaye huitwa mtu mzima, na maana ya -zima ni kamili, isiyopungua kitu, yenye afya. Neno kijana lenyewe lina mwana ndani yake. Kwa aliyezeeka lugha imeweka mpaka wa adabu: nguo huwa kuukuu na nyumba huwa kuukuu, lakini mtu ni mzee, na neno hilo ni la heshima hata huitwa mkubwa asiye na unywele mweupe hata mmoja. Kutoka kwa Waarabu tumepata maneno mawili yaliyo makali zaidi: shaibu, ambalo asili yake ni mwenye mvi, na ajuza, ambalo shina lake lahusu kushindwa na kukosa nguvu. Wa mwisho ni kikongwe, naye hushika mkongojo, yaani fimbo ya mwenye kukongoja. Katika maneno haya yote hamna hesabu hata moja.

Nao watu walipotaka kujua nani amtangulie nani, hawakuhesabu miaka, bali walitazama rika, au hirimu kama wasemavyo watu wa pwani. Wavulana waliotiwa jandoni pamoja walikuwa rika moja, ingawa pengine mmoja alimzidi mwenziwe miaka mitatu au minne. Kwa Wanyakyusa, wavulana wa rika moja waliondoka nyumbani kwa baba zao walipopata miaka 10 hivi, wakajenga vibanda vyao mahali pao wenyewe, na mahali pale pakawa kijiji chao hata walipooa. Sheria ya Kiislamu ya madhehebu ya Shafii, ifuatwayo sana pwani, ilikuwa na njia nyingine: hutazama kwanza dalili za mwili, na zisipotokea, mtu huhesabiwa kuwa amebaleghe atimizapo miaka 15 ya mwandamo wa mwezi, yaani takriban miaka 14 na nusu ya jua. Hapo mwili na hesabu vilisaidiana, wala kimoja hakikujifanya kuwa kingine.

Sasa tutazame meno, ambayo ndiyo dalili iliyosomwa zaidi ya zote. Kwa kawaida meno mawili ya mbele ya chini hutokea mtoto apatapo miezi 6 hata 10, na ya juu hufuata baadaye kidogo. Lakini wako watoto wachache waanzao na ya juu. Mtoto wa namna hii aliitwa kigego, akadhaniwa kuwa ataleta msiba juu ya jamaa yake. Na zamani, pwani na katika makabila mengi ya bara, kigego aliuawa au alitupwa. Twajua sasa kwamba taratibu ya kuota meno hutofautiana kama vimo vya watu vinavyotofautiana. Si ugonjwa, wala si ishara ya jambo lijalo. Hapo watu hawakuutaka mwili useme miaka, bali useme bahati. Lakini mzizi wa kosa ni ule ule, yaani mwili uliulizwa neno usilolijua, na jawabu lake likatiliwa mtoto asiye na hatia.

Wafanya biashara ya watumwa nao walisoma meno. Thomas Smee, nahodha Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1811, alieleza jinsi wanunuzi sokoni walivyochungua kinywa na meno ya mtu, kisha viungo vyake vyote mmoja mmoja. Hawakutaka kujua alizaliwa lini. Walitaka kujua amebakiza nguvu za miaka mingapi. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na Kanisa Kuu la Kianglikana likajengwa mahali pake. Lakini watoto waliookolewa katika majahazi, wakapelekwa Freretown, iliyoanzishwa mwaka 1875, na katika vituo vinginevyo, wengi wao walifika bila mtu wa kusimulia habari za kuzaliwa kwao. Waliowapokea hawakuwa na njia ila kuwakadiria kwa kimo na kwa meno. Basi tukumbuke ya kuwa kitabu cha misheni, tunachokiheshimu kama chenye miaka ya hakika, pengine chenyewe kilianza kwa kukisia.

Asidhani msomaji kwamba kusoma meno ni desturi ya Afrika peke yake. Huko Uingereza sheria ya viwanda ya mwaka 1833 ilikataza watoto walio chini ya miaka 9 wasifanye kazi katika viwanda vingi vya nguo. Walakini wakati ule serikali haikuwa na daftari la vizazi, na wazazi maskini, pamoja na wenye viwanda, walipata faida mtoto akihesabiwa mkubwa. Waganga walikadiria kwa kimo na nguvu. Ndipo mwaka 1837 Edwin Saunders, mganga wa meno, alipotoa kijitabu cha kuonyesha ya kuwa meno ni kipimo bora kuliko kimo. Alikuwa na haki kwa sehemu. Gego la kwanza la ukubwani hutokea mtoto akaribiapo miaka 6, na njaa haicheleweshi meno kama inavyochelewesha kimo. Hata hivyo tofauti ya mwaka mmoja au zaidi kati ya mtoto na mtoto haiondoki. Mwaka ule ule wa 1837 serikali ilianza kuandika vizazi katika Uingereza na Wales, na polepole cheti kikachukua mahali pa meno. Yaani, Waingereza kwao walikuwa wamekwisha kuona ya kuwa mwili hautoshi kuwa shahidi wa miaka.

Lakini walipokuja kutawala kwetu, waliurudia mwili. Kodi ya Wadachi ya mwaka 1897 ilianza kwa kuhesabu nyumba, na nyumba haiulizwi umri. Taabu ilikuja kodi na amri zilipofuata kichwa cha mtu. Huko Kenya sheria ya kuandikisha wanaume Waafrika ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutendwa baada ya vita, na kufikia mwaka 1920 kila mwanamume aliyekadiriwa kuwa na miaka 16 na zaidi alipaswa kuchukua kipande. Tanganyika nayo, chini ya sheria ya mwaka 1922, ilimtoza kodi ya kichwa kijana asiye na nyumba, akiisha kuhesabiwa kuwa mtu mzima. Sheria ilitaja miaka, lakini hapakuwa na cheti cha kuionyesha. Basi karani, au askari, au jumbe alimtazama kijana kwa macho, akaamua. Wazee wengi wamesimulia jinsi vijana walivyoamriwa kuinua mikono mbele ya watu ili watazamwe nywele za kwapa.

Na tuulize, nywele za kwapa zasema nini? Zasema kwamba mwili umeanza kubaleghe, basi. Wavulana huanza mabadiliko hayo kati ya miaka 9 na 14, na nywele za kwapa hufuata baadaye. Kijana mwenye afya, aliyekulia nyumba yenye maziwa na nyama, aweza kuwa nazo akiwa na miaka 13. Mwenziwe aliyedhoofishwa na njaa na homa aweza kukosa akiwa na 16. Hivyo ng'ombe wa maziwa nyumbani alimharakishia kijana kodi. Tena jambo halikuishia siku ile. Aliyeandikwa miaka 16 hali ana 13 alibaki na miaka mitatu isiyo yake katika karatasi za serikali, akazeeka nayo. Na licha ya hesabu kulikuwa na aibu. Maana dalili za kubaleghe katika desturi zetu ni siri ya jando na unyago, wasimamizi wake ni kungwi na wazee, na sasa ziliwekwa wazi mezani pa karani.

Shuleni tulikuwa na kipimo chetu wenyewe, kisicho cha aibu, lakini nacho kina kosa lake. Wasomaji wengi watakikumbuka: mtoto aliambiwa apitishe mkono wake wa kulia juu ya kichwa, ashike sikio la kushoto. Akilifikia, aliandikwa, asipolifikia, alirudishwa nyumbani hata mwaka ujao. Kipimo hiki si upuzi, maana chasimama juu ya jambo la kweli la mwili. Mtoto azaliwapo, urefu wake ni kama sentimeta 50, na kichwa chake ni robo ya urefu huo. Kwa mtu mzima kichwa ni sehemu moja tu katika saba au nane. Kichwa hukua upesi kwanza, hata mtoto wa miaka 6 kichwa chake kimekwisha kukaribia ukubwa wa mwisho, bali mikono na miguu huendelea kurefuka miaka mingi. Kwa hiyo hufika wakati, yapata miaka 6 au 7, mkono unapokipita kichwa.

Lakini ni mkono wa mtoto yupi? Mtoto aliyekosa chakula bora katika miaka yake miwili ya kwanza hukua mfupi, maana mtoto atimizapo miaka miwili huwa amekwisha kufikia karibu nusu ya kimo chote atakachokuwa nacho ukubwani. Akirudishwa nyumbani kwa sababu ya mkono wake, mtoto huyu ameadhibiwa mara mbili: kwanza alikosa chakula, kisha akakosa masomo kwa ajili ya kukosa chakula. Na mtoto mrefu wa miaka 5 aliketishwa darasani na wakubwa wake, mwalimu akashangaa mbona haelewi. Sisi walimu yatupasa kukiri kwamba tulifanya hivyo bila nia mbaya, na kwamba nia njema haikumrudishia mtoto mwaka wake.

Hata elimu ya leo, pamoja na vyombo vyake, haijaushinda udhaifu huu kabisa. Waganga hupiga picha za eksirei za mkono na kutazama miisho ya mifupa, kama imeungana au bado. Kitabu kilichotumika zaidi kwa kazi hiyo, cha Greulich na Pyle, kilitolewa mwaka 1950 kwa picha za watoto wa mji wa Cleveland huko Marekani, wa jamaa zenye kujiweza. Mfupa wa mtoto aliyelishwa vingine na kuishi vingine waweza kutangulia au kuchelewa kwa mwaka na zaidi. Mfupa nao husema hali, si tarehe.

Kama ndivyo ilivyo kwa mtoto, kwa mzee ndivyo zaidi. Katika kukua, watu wapishana kwa miaka miwili mitatu. Katika kuzeeka, hupishana kwa miaka 20. Kila tuendavyo mbali na siku ya kuzaliwa, ndivyo ushuhuda wa mwili unavyofifia.

Chukua mvi, ambazo katika lugha yetu ni kama jina la pili la uzee. Unywele hupata rangi yake kwa chembe zilizo shinani mwake. Chembe hizo zikiisha, unywele huota mweupe. Kwa Wazungu mvi huanza mara nyingi kabla ya miaka 40, na kwa Waafrika baada ya 40; lakini ziko jamaa ambazo vijana wake wa miaka 25 wana mvi, na ziko ambazo wazee wa 60 wana nywele nyeusi. Hayo ni mambo ya urithi. Chukua kibogoyo: tumezoea kumdhania mtu asiye na meno kuwa ni mkongwe, kumbe meno hayang'olewi na miaka bali na kuoza na ugonjwa wa ufizi, na mtu aliyeyatunza aweza kutafuna mahindi ya kuchoma akiwa na miaka 80. Chukua makunyanzi ya uso: ngozi hupungukiwa na nyuzi zinazoivuta, lakini jua huharakisha kazi hiyo, na mvuvi hukunjamana kabla ya karani.

Mgongo nao huinama. Gegedu zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hukauka na kubonyea, na mtu apitapo miaka 40 hupoteza kama sentimeta moja ya kimo kila miaka 10. Misuli hupungua tangu miaka ya 30 na kitu, na baada ya 60 hupungua upesi zaidi. Kwa wanawake mifupa hudhoofika kwa haraka miaka michache baada ya hedhi kukoma, jambo ambalo hutukia mara nyingi kati ya miaka 45 na 55. Lakini mwanamke aliyetwika maji na kuni tangu utoto, akazaa watoto wengi na kulima kwa jembe la mkono, ataonekana mzee kuliko dada yake aliyekaa dukani, hata kama ndiye mdogo. Ilivyo sawa kwa watu wote ni dalili moja isiyoonekana usoni: lenzi ya jicho hukakamaa polepole tangu utoto, na mtu afikapo miaka 40 na kitu haiwezi tena kujigeuza kuona karibu. Ndugu zetu makasisi watakumbuka siku ile walipoanza kukisogeza kitabu mbali na uso wao.

Kwa nini twayaeleza haya? Kwa sababu swali la miaka limerudi, na safari hii limegeuka. Zamani kijana alitamani aonekane mdogo asitozwe kodi. Sasa mzee hana budi kuthibitisha ukubwa wake. Unguja na Pemba, tangu Aprili 2016, serikali imetoa Pensheni Jamii kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70. Kenya nayo ilianza mwaka 2018 kuwapa fedha wazee wa miaka 70 na zaidi. Mzee asiye na karatasi, au mwenye karatasi iliyokisiwa kwa jicho la karani, aweza kukosa haki yake, na mvi zake hazihesabiwi kuwa hati. Tena huja kwa nani? Mara nyingi huja kwa mwalimu na kwa kasisi, akiuliza kama jina lake limo katika kitabu cha ubatizo au daftari la shule.

Hapo ndipo njia ile ya kale yaweza kutusaidia, tukiitumia kwa namna yake. Tusiutazame mwili wa leo, ambao umekwisha kuwa shahidi dhaifu. Tuulize habari za mwili wa utotoni, tuziambatanishe na jambo lenye tarehe inayojulikana. Mzee akisema kwamba siku ya Uhuru wa Tanganyika, tarehe 9 Desemba 1961, alikuwa na pengo la meno ya mbele yaliyong'oka wala mapya hayajaota, basi yamkini alikuwa na miaka 6 au 7, naye alizaliwa yapata mwaka 1954 au 1955. Bibi akisema alivunja ungo mwaka wa Mapinduzi ya Unguja, 1964, ushuhuda wake ni mpana zaidi, maana wasichana huvunja ungo kati ya miaka 11 na 16. Tena swali hilo aulizwe na mwanamke mwenziwe. Kisha tuulize nani katika ndugu alimbeba nani mgongoni, na nani aliachishwa ziwa nani alipozaliwa. Mambo matatu au manne yakipatana, tumepata ushahidi ulio bora kuliko jicho la karani yeyote.

Nasi tunapoandika, tusiandike miaka mitupu kana kwamba tuliiona. Tuandike "yapata," na mbele yake tuandike sababu: meno, vita, njaa, uhuru, ndugu aliyemfuata. Aliyekadiria bila kuandika sababu amewaachia wajao nambari tu, na nambari haihojiwi. Lakini aliyeandika sababu amewaachia shahidi wanayeweza kumwuliza tena. Na kwa watoto wazaliwao sasa katika vijiji vyetu, kazi ni nyepesi mno hata hatuna udhuru: kumwambia mama wiki ile ile aende akaandikishe, na sisi wenyewe kuiandika siku hiyo katika kitabu. Mwili wa mtoto yule utaota meno kwa wakati wake, utabaleghe kwa wakati wake, na utaota mvi kwa wakati wake. Tukiisha kuiandika tarehe, hapana atakayekuwa na haja ya kumwinua mkono.